Kitereza alingoja mchapaji miaka 35, wa leo wanakosa mtunzaji

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

GATI la Kigongo, wilayani Misungwi, siku hizi lina ukimya ambao mtu aliyelizoea zamani anaupokea kwa tabu. Nilifika saa moja asubuhi. Maji ya Ghuba ya Mwanza yalikuwa yanalamba zege taratibu, na mbuzi wawili walikuwa wananusanusa pale malori yalipokuwa yakipanga foleni. Juu yetu magari yalikuwa yanakata daraja moja kwa moja, yakienda Busisi, Sengerema, Geita na mbele zaidi.

Kabla ya Juni 19, 2025 hakuna aliyepita hapa bila kusimama. Siku hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na kivuko kikastaafu. Safari iliyokuwa ikimla mtu saa nzima, na siku mbaya zaidi ya hapo, sasa ni ya dakika chache.

Nilikuwa nimetumwa kuandika juu ya maisha baada ya kivuko. Nikiwa pale gatini nikakumbuka makala niliyoisoma miaka 15 hivi iliyopita, ya kijana aliyekuwa anasoma Nyegezi. Hakuwa mwandishi wa gazeti lolote. Alikuwa na blogu yake tu, na humo alisimulia usiku aliolala foleni ya Kigongo ndani ya basi la Geita.

Aliandika juu ya kina mama wa beseni la sato wa kukaanga, waliokuwa wanalitambua kila basi kwa honi yake kabla halijatokeza kwenye kona. Aliandika juu ya gari dogo lililobeba jeneza la mzee mmoja, na namna foleni nzima ilivyojisogeza pembeni, hakuna aliyeamrishwa, ili marehemu avuke kwanza. Niliisoma makala ile mara tatu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevuka pale mara nyingi na sikuwahi kuyaona hayo.

Jina la ukurasa wake nilikuwa nalo kichwani. Nikaliandika kwenye simu, nikasubiri mtandao uvute. Ukafunguka ukurasa wa kubashiri mechi za Ulaya.

Anwani ya yule kijana ilikuwa imekwisha muda, haikulipiwa, na mtu mwingine wa mbali akainunua. Kazi yote ya miaka kadhaa ilikuwa imeondoka nayo. Nilirudi Mwanza mjini na swali tofauti na lile nililotumwa.

> Makala ile haikufutwa na mtu. Ilikosa wa kuilipia.

Magazeti tando

Kwa wasomaji waliozaliwa karibuni, inabidi kueleza kwamba kulikuwa na wakati ambapo mtu wa kawaida kuandika na kusomwa na walimwengu, bila mhariri wala mwenye mtambo wa kuchapa, lilikuwa jambo jipya kabisa kwa Kiswahili.

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa anaishi Marekani, alianzisha Jikomboe, blogu inayotajwa kuwa ya kwanza kwa lugha yetu. Hata jina la kitu chenyewe lilikuwa halijatulia. Wapo waliosema "gazeti tando", neno zuri ambalo hadi leo nasikitika kwamba lilishindwa. Blogu ndilo lililobaki.

Septemba 2005, mjini Helsinki, Finland, mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alikutana na Ndesanjo na kufungua ya kwake. Watu wakaanza kumwita Ankal. Kwa miaka kadhaa Mtanzania aliyeko ughaibuni aliamka na Michuzi kabla ya chai: harusi, misiba, picha za kona za mji aliouacha, tangazo la mtu anayetafuta ndugu yake waliyepoteana.

Nyuma yao wakaja wengi. Maggid Mjengwa aliandika akiwa Iringa na kamera mkononi. Profesa Joseph Mbele, akifundisha Minnesota, aliandika "Hapa Kwetu" juu ya vitabu, lugha na tofauti za tamaduni, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Litembo kwao na mtu wa Minnesota wangeweza kukisoma pamoja. Waliandika bila kulipwa. Wengi walijibu kila msomaji aliyewaachia neno.

Kanda ya Ziwa haikubaki nyuma. Gsengo na Binagi za Mwanza, na Malunde ya Shinyanga, zilijulikana kwa habari za huku ambazo magazeti ya Dar es Salaam yalizipa aya moja au hayakuzipa kitu. Chini ya hizo kubwa kulikuwa na dogodogo nyingi, za mtu mmoja mmoja, zisizo na tangazo hata moja. Hizo ndizo ninazozililia hapa.

Kwa nini Mwanza

Mji huu ulikuwa na kila sababu ya kuandika. Nyegezi kulikuwa na chuo cha mafunzo ya jamii na uandishi kwa miaka mingi, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Radio Free Africa na Star TV zilirusha matangazo kutoka hapa hapa. Kila mwaka vijana waliojua kuuliza swali na kupanga aya walimwagika mitaani, katika mji ambao magazeti yake ya kila siku yanahaririwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ziwani.

Halafu kulikuwa na uchungu wa kusimuliwa na wengine. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper wa Austria iliyopigwa Mwanza, ambayo huku tuliiita filamu ya mapanki. Ilizunguka dunia ikionesha samaki wanaopaa kwa ndege na watu wanaobaki na mifupa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na mjini watu waliandamana kuipinga.

Sina nia ya kufufua ugomvi ule. Ninachokumbuka ni kwamba katika mabishano yale yote, mvuvi wa Kirumba na mama wa mwaloni walikuwa picha tu. Mtu wa Ulaya aliwaonesha kwa namna yake, serikali ikawatetea kwa namna yake. Wao wenyewe hawakuwa na ukurasa.

Kafe za intaneti ndizo zilizowapa watoto wao ukurasa huo. Ulikuwa unalipia kwa nusu saa, unakaa kwenye kiti cha plastiki, jasho linatiririka, umeme ukikatika na kazi yako imekwenda. Wajanja waliandika kwanza daftarini, nyumbani, ili wakifika kwenye kompyuta wanakili tu. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 kasi ikaongezeka na bei ikaanza kushuka, na muda si mrefu simu zikachukua kazi ya kafe.

Walichokiandika kilikuwa cha nyumbani. Mmoja alisimulia furu waliokaushwa na bibi yake, wale samaki wadogo wa kila rangi ambao watoto wa miaka ya 1970 walikula mpaka wakachoka. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akaja kuzaana kwa kishindo miaka ya 1980, na mamia ya aina za furu zikatoweka. Wanasayansi wameandika mengi juu ya tukio hilo. Lakini furu alikuwa na ladha gani, alikaushwaje, mtoto alipigwa kofi gani akimdokoa juani, hayo hayamo kwenye ripoti.

Mwingine aliandika juu ya Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma yanayoshindana kwa dawa na mbwembwe, akieleza namna babu yake alivyokataa kula kwenye nyumba ya kundi la pili. Mwingine juu ya redio ya mbao na betri zake zilizoanikwa juani ili zifike mpaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mwingine alieleza siku simu ya kwanza ilipoingia kijijini kwao, na mlima waliokuwa wanaupanda kutafuta mnara.

> Furu alikuwa na ladha gani, alikaushwaje: hayo hayamo kwenye ripoti.

Mzee wa Ukerewe

Mtu akiniambia hayo ni mambo madogo ya watoto wa mtandao, mimi humpeleka Ukerewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Wakerewe, akasomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wawili wanaotafuta mtoto. Ndani yake aliweka kila alichokijua: namna ya kulima, kuvua, kupika pombe, kumpokea mgeni, kumtibu mgonjwa, kuposa, kuzika. Aliona maisha hayo yanaondoka mbele ya macho yake, naye akayashika kwa kalamu.

Hakupata mchapaji. Wamisionari walijaribu kumsaidia, ikashindikana. Wasomaji wa Kikerewe walionekana wachache mno kwa kitabu kinene namna ile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walimkuta kisiwani na kuanza kumhangaikia. Mzee, akiwa ameelemewa na maradhi, akakaa chini na kuitafsiri riwaya yake yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake.

Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980. Kitereza alifariki dunia mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Miaka 35 kutoka nukta ya mwisho hadi karatasi ya kwanza. Nikisimulia habari hii watu hutikisa kichwa kwa huruma, na wana haki. Lakini angalia kilichofuata. Kitabu kikatafsiriwa Kijerumani. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwenzake wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza akitumia muswada wenyewe wa Kikerewe. Muswada huo ulikuwapo. Ulikuwa karatasi, ulikuwa na mahali, kuna mtu aliyeutunza.

Yule kijana wa Nyegezi alimaliza makala yake saa nne usiku na saa nne na dakika moja ilikuwa inasomwa London na Muscat. Alipata kila ambacho Kitereza alikikosa. Haikupita miaka 15 na hakuna rafu duniani inayoishikilia.

Kwangu hao wawili wanafanya kazi moja. Wote wameona kitu cha pwani ya ziwa kinaondoka na wakakataa kiondoke bila kuandikwa. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikosa mlango wa kuingilia na mwingine amekosa mahali pa kukaa.

Milioni moja ya kuanzia

Kifo cha blogu nyingi kina tarehe. Machi 2018 serikali ilitangaza kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwenye blogu alitakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ada ya maombi Sh100,000. Leseni Sh1,000,000. Kila mwaka Sh1,000,000 nyingine. Atakayekaidi, faini isiyopungua Sh5,000,000 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Wanahabari na watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu Mtwara wakapata zuio la muda mwezi Mei, lakini likaondolewa mwezi huo huo. Juni wamiliki walipewa mpaka tarehe 15 kujisajili. Jamii Forums, jukwaa kubwa kuliko yote nchini, lilizima kwa muda likisubiri leseni. Wakubwa walilipa, wakaendelea.

Wadogo hawakuwa na sababu ya kulipa. Mtu anayeandika juu ya furu wa bibi yake, asiyeingiza senti, atatoa wapi milioni moja, na ataieleza vipi nyumbani? Wengine walifunga ukurasa kwa kauli ya kuaga. Wengi waliacha tu. Ukifungua leo zile zilizobaki, utaona posti ya mwisho ni ya Mei au Juni 2018, mara nyingine imekatika kwenye ahadi ya "itaendelea".

Upande wa serikali una hoja zake na ni haki kuzisema kwa ukamilifu. Mtandao ulikuwa umeleta uongo, matusi, picha za utupu za watu waliokosana na wapenzi wao, picha za maiti wa ajali zilizofika kwa familia kabla ya taarifa ya polisi. Magazeti yalikuwa na leseni, redio zilikuwa na leseni, na wakubwa waliuliza kwa nini anayesomwa na watu wengi kuliko gazeti asiwe na wa kumuuliza. Mtu aliyewahi kuchafuliwa jina na ukurasa usio na mwenyewe anaielewa hoja hiyo vizuri sana.

Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, zikarekebishwa tena mwaka 2022, na ada ikashuka. Mvutano wenyewe haujaisha. Septemba 2025 TCRA ilisimamisha leseni ya Jamii Forums kwa siku 90.

Maoni yangu ni kwamba kanuni za 2018 zilipima kwa mizani moja duka la jumla na kibanda cha karanga. Zililenga wachochezi na wazushi, na wazushi wakahamia kwenye makundi ya WhatsApp ambako hakuna leseni wala jina. Aliyeumia ni yule aliyekuwa anaandika kwa jina lake, kwa utulivu, juu ya mambo ya kwao. Punguzo la ada lilipokuja, mazoea ya kuandika yalikuwa yameshakufa.

> Posti ya mwisho ni ya Juni 2018, imekatika kwenye ahadi ya "itaendelea".

Miezi mitatu baada ya tarehe ile ya mwisho, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Taifa lilihesabu maiti kwa siku kadhaa na kisha kamera zikaondoka.

Waliobaki Ukara walikuwa na mengi ya kusema: mzigo uliokuwa unasubiriwa siku ile ya gulio, mtoto aliyetumwa sukari, mwalimu aliyechelewa kivuko kwa sababu ya kalamu. Miaka 3 nyuma, kijana wa kisiwani angeyaandika. Nimetafuta kwa siku mbili maandishi marefu ya mtu wa Ukara mwenyewe kuhusu siku ile, yaliyoandikwa wakati ule na kuwekwa wazi kwa kila mtu. Nimepata picha nyingi, na salamu za rambirambi.

Mali bila daftari

Nisiiwekee serikali lawama yote. Blogu nyingine zilikufa kifo cha kawaida, na hizo ndizo nyingi zaidi.

Mwandishi alioa, akapata kazi benki, muda ukaisha. Mwingine alihamia Facebook, akapata watu 300 wa kupenda alichoandika ndani ya dakika kumi, akaona ujinga kurudi kwenye blogu yenye wasomaji 40. Mwingine alifungua televisheni ya mtandaoni. Mwingine simu ilipotea na nenosiri likapotea nayo. Mwingine alifariki, na familia haikujua hata kama ndugu yao alikuwa anaandika.

Blogu iliyo kwenye Blogspot hukaa ndani ya akaunti ya Google ya mwenyewe. Mei 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kwamba kazi hiyo ingeanza Desemba. Maana yake marehemu anaweza kufutwa, na hakuna atakayekuja kupiga hodi nyumbani kwake kuuliza.

Blogu iliyo kwenye anwani ya kununua ina hatari yake. Kila mwaka inalipiwa. Ukikosa, anwani inarudi sokoni, na wapo wanaowinda majina yaliyokuwa na wasomaji ili wayatundike matangazo ya kamari. Ndicho kilichompata yule wa Nyegezi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari lenyewe, tukamwazima mgeni atutunzie.

Facebook na WhatsApp hazijatatua hilo. Zina uhai mwingi, nakubali, na kuna watu wanaandika humo mambo mazuri kuliko niliyoyaona kwenye blogu yoyote. Lakini jaribu kutafuta simulizi uliyoisoma kwenye kundi la ukoo mwaka juzi. Ulibadilisha simu, imekwenda. Na mtoto wa jirani, mwanafunzi wa Sengerema, hakuwahi kuwa na njia ya kuiona tangu mwanzo.

Wanaosema yaache yaende

Nilipoeleza hoja yangu kwa wenzangu wa chumba cha habari, hawakukubali wote. Wapo waliosema zile blogu nyingi zilikuwa nakala za nakala: mmoja anapiga picha, hamsini wanainakili, hakuna anayetaja mwenyewe. Ni kweli. Tabia hiyo iliwavunja moyo waandishi waliokuwa wanatoka jasho, na ilichangia kuliua jina la blogu machoni pa wasomaji.

Hoja nzito zaidi ni ya watu waliomo ndani ya maandishi yale. Mama aliyepigwa picha analia msibani mwaka 2010 hakuulizwa. Binti aliyechekwa kwa nguo aliyovaa harusini sasa ni mkuu wa idara na ana watoto. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watu wana sababu ya kutaka baadhi ya mambo yasifufuliwe. Kusahauliwa nako kwa wengine ni stara.

Hoja hiyo imenikalisha kitako. Nimebadilika kidogo: sitaki tena kila kitu kihifadhiwe na kuwekwa sokoni. Lakini kinachoendelea sasa hakichagui. Kinafuta msiba na kinafuta furu, kinaondoa kejeli na kinaondoa jeneza lililopishwa foleni. Stara inahitaji mtu anayekaa, anayesoma, anayeamua. Kwa sasa hakuna anayekaa.

Ufunguo ashike nani

Sheria yetu ya huduma za maktaba, ya mwaka 1975, inamtaka mchapaji apeleke nakala za kazi yake maktaba ya taifa. Ndiyo sababu gazeti la zamani lililokufa bado unaweza kulifunua. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya karatasi. TCRA imejua kwa miaka kadhaa majina na anwani za wanaochapisha mtandaoni, kwa kuwa iliwasajili na kuwatoza. Mkono huo wa serikali uliokusanya ada unaweza pia kukusanya nakala, na kuzikabidhi maktaba.

Mwanza hatuna haja ya kusubiri Dar es Salaam. Maktaba ya mkoa ipo mjini. Chuo cha Nyegezi kina wanafunzi wa habari wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka, na mada hii iko mlangoni kwao: wawatafute waandishi wa zamani wa Kanda ya Ziwa, wawaombe ruhusa, wanakili, wapange, wafiche kinachostahili stara. Wikipedia ya Kiswahili, ambayo Ndesanjo Macha alikuwa kati ya waliohangaika nayo mwanzoni, inapokea maarifa lakini haipokei kumbukumbu za bibi. Inahitaji chanzo cha kurejea. Chanzo ndicho hicho kinachopotea.

Bujora, Kisesa, kuna makumbusho ya Wasukuma ambako ngoma na viti vya watemi vimetunzwa tangu enzi za Padri David Clement. Aliviokota wakati wengine waliviona kuni. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo wiki nzima.

Kwa sasa anayeokota ya kwetu yuko San Francisco. Internet Archive, shirika lililoanzishwa mwaka 1996, hupita mtandaoni na kunakili kurasa za dunia nzima, zikiwamo zetu, mara moja hapa, mara moja pale, bila mpango wa Mwanza wala Ukerewe. Nikaipeleka humo anwani ya yule kijana.

Ilikuwapo. Nakala moja, ya siku moja ya mwaka 2011. Kurasa nyingine zote zilikuwa tupu, lakini makala ya foleni ilikuwamo nzima, na mstari wa mwisho nikaukuta kama nilivyoukumbuka. Juu ya maandishi kulikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo, mahali ilipokuwa picha.

Nilikwenda steshenari iliyo karibu na stendi nikaichapisha, karatasi nne. Kesho yake nikarudi Kigongo.

Kina mama wa beseni wengi wameondoka. Baadhi wamehamia Usagara, ambako magari bado yanasimama, wengine wamerudi shambani. Mmoja nilimkuta karibu na gati la zamani, anauza mihogo na samaki wachache kwa vijana wa bodaboda. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mama," akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza kwamba kuna mtoto aliyewahi kulala hapa akaandika habari zao.

Nilimsomea. Kwenye honi za mabasi alicheka, akaanza kuzitaja moja moja, hili lililia hivi, lile lililia vile, akiziiga kwa mdomo mpaka vijana wa bodaboda wakageuka. Kwenye jeneza alinyamaza. Aliikumbuka siku ile. Akanitajia marehemu alikuwa wa ukoo gani na alizikwa kijiji gani ng'ambo, mambo ambayo mwandishi hakuyajua.

Nikayaandika pembeni mwa karatasi. Alipoona nimefika juu ya ukurasa wa kwanza aliweka kidole kwenye kile kisanduku cheupe, akaniuliza picha yenyewe iko wapi, kwa kuwa anakumbuka siku hiyo walipigwa picha, na dada yake ambaye sasa ni marehemu alikuwa amesimama katikati.